Watumishi wa Naamani

Leo twataka kufikiri pamoja juu ya jambo lililotushangaza wengi katika siku za Korona. Mtu husikia onyo la daktari mara mia, wala hatii. Kisha jioni moja shemeji yake amwambia neno lilelile, naye anatii. Kwa nini iwe hivyo?

Mwenye Biblia na afungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa tano. Habari ya Naamani twaijua tangu Shule ya Jumapili: mkuu wa jeshi la mfalme wa Shamu, mtu mwenye heshima kubwa, naye alikuwa na ukoma. Wahubiri wengi tukifika hapo hukimbilia mtoni Yordani, kwenye ile mara saba. Leo na tuwatazame watu wadogo walio pembeni mwa habari hiyo.

Wa kwanza ni msichana aliyetekwa katika nchi ya Israeli, akawa mtumishi wa mke wa Naamani. Yeye ndiye aliyejua kwamba yuko nabii Samaria. Mtumwa wa kike hawezi kumfuata jemadari na kumpa shauri la ugonjwa wake, basi alimwambia bibi yake, labda wakiwa peke yao chumbani. Neno likatoka hapo, likamfikia Naamani, likafika hata kwa mfalme. Naamani akafunga safari na fedha nyingi. Alipofika mlangoni pa Elisha, nabii hakutoka nje. Alimtuma mjumbe tu, amwambie akajioshe mara saba. Agizo lilikuwa jema, jepesi, lisilo na gharama. Lakini Naamani alikasirika, akageuka kwenda zake. Hakupendezwa na jinsi alivyoambiwa, tena aliiona mito ya kwao Dameski kuwa bora. Ndipo watumishi wake mwenyewe, waliokula vumbi la njia pamoja naye, walipomkaribia. Walimwita baba. Walisema naye kwa upole, naye akashuka mtoni. Agizo halikubadilika hata kidogo. Kinywa kilichosema ndicho kilichobadilika.

Sasa tutoke Shamu, tuje kwetu. Siku ya Ijumaa tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona. Muda si muda shule zilifungwa, makanisa na misikiti ikafungwa, na tangu tarehe 27 Machi ikawa kafyu usiku. Siku baada ya siku Wizara ya Afya ilisimama mbele ya taifa na kutaja hesabu ya wagonjwa na ya waliofariki. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuambiwa. Hata hivyo, twakumbuka wote jinsi barakoa zilivyokaa kidevuni ndani ya matatu mpaka makanga aseme askari wako mbele. Ndipo gari zima likafunika pua kwa pamoja, kama watu wanaoitikia sala. Sheria ilikuwa kali: faini hadi shilingi 20,000, au kifungo cha miezi sita. Iliweza kupandisha kitambaa kutoka kidevuni hadi puani, kwa muda wa kupita kizuizi.

Lakini hapo hapo, katika miji yetu midogo, palikuwa na kituo cha bodaboda ambapo vijana wote walivaa barakoa zao vizuri, na kituo kingine ng'ambo ya barabara ambapo hakuna aliyevaa. Bei ya barakoa ilikuwa ileile, askari walikuwa walewale, na redio ilikuwa ileile. Kijana wa bodaboda hamtazami waziri. Anamtazama yule aliyeegesha pikipiki kando yake. Kama mkubwa wa kituo, yule anayepanga zamu, alikuwa amemzika ndugu yake kwa ugonjwa huo, basi kituo kizima kilinawa mikono. Kama mkubwa huyo alicheka, wote walicheka.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2021 Bahar Tunçgenç wa Chuo Kikuu cha Nottingham huko Uingereza, pamoja na wenzake, walitoa taarifa ya maswali waliyowauliza watu zaidi ya 6,600 katika nchi zaidi ya 100, katika miezi ya mwanzo ya Korona. Walitaka kujua ni nani anayeshika shauri la kukaa mbali na wengine. Waliona kwamba mtu alilishika zaidi pale ambapo jamaa na rafiki zake wa karibu walilishika. Jambo hilo lilikuwa na nguvu kuliko maoni ya mtu mwenyewe kwamba shauri hilo ni jema. Yaani mtu aweza kukubali moyoni kwamba agizo ni sawa, asilifuate kwa kuwa walio karibu naye hawalifuati. Na mwingine aweza kulitilia shaka, lakini akalifuata kwa ajili ya wale anaokula nao. Ni kweli kwamba watu huchagua rafiki wanaofanana nao, na ya kwamba majibu ya aina hii hutoka katika vinywa vya watu wenyewe, ambao hupenda kujisifu kidogo. Hata ukiyapunguza kwa sababu hiyo, yanaafikiana na yale tuliyoyaona kwa macho.

Tena msifikiri kwamba ni kuigana tu. Kuna jambo la tumbo. Mtu wa kibarua, anayepata leo na kula leo, hawezi kukaa ndani siku 14 kwa shauri tupu. Atakaa ndani ikiwa yuko mtu wa kumwachia sufuria ya githeri mlangoni, na mwingine wa kumchotea maji, na mwajiri au mwenzake wa kumwekea nafasi ya kazi. Tuliona chama cha akina mama kumi, waliozoea kuchangiana kila Jumamosi, wakiacha kukutana lakini wakaendelea kuchanga kwa simu. Mmoja wao alipougua, zamu yake ya fedha ililetwa mbele. Huyo mama aliweza kutii. Jirani yake, asiye na chama, alikwenda sokoni akikohoa. Ukiwauliza wote wawili juu ya Korona, walijua mambo yaleyale.

Wala hatupaswi kusahau ya kwamba ugonjwa wenyewe hupita palepale panapopita upendo. Haukuja kwetu kwa mkono wa adui. Tarehe 10 Machi 2020, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington kule Marekani, waimbaji 61 walikutana kanisani kwa mazoezi ya kuimba. Baada ya siku chache 53 kati yao walikuwa wameugua, au walihesabiwa kuwa wameugua, na wawili wakafa. Hawakuwa watu wabaya wala wazembe. Walikaa karibu, wakaimba kwa nguvu, wakala pamoja kidogo, kama kwaya zetu zinavyofanya kila Jumatano. Ndiyo maana agizo la kukaa mbalimbali lilikuwa zito kuliko agizo la kunawa mikono. Kunawa hakumgusi mwingine. Lakini kukataa mkono wa mzee, au kutokwenda matangani, hilo ni kumwambia mtu neno, na neno hilo huumiza.

Hapa twafika kwenye upande ambao hauzungumzwi sana. Kupendana kwetu kwaweza pia kufunga midomo. Katika majuma ya kwanza ya Korona, mtu akipatikana na ugonjwa, maafisa wa afya walimwuliza: umekutana na nani, umekula na nani? Waliotajwa walipelekwa karantini, na mwanzoni walitakiwa kujilipia gharama wenyewe. Ilikuwa mwezi Mei 2020 ndipo serikali ilipotangaza kwamba itabeba gharama hiyo katika vituo vyake. Sasa fikirini, ndugu zangu. Mama ameulizwa majina. Akimtaja jirani aliyemkopesha unga juzi, jirani huyo atachukuliwa mbele ya watoto wake, na atadaiwa maelfu ya shilingi. Je, atamtaja? Wako waliotaja, na wako walionyamaza, na wako waliozima simu. Tulisikia wakiitwa wakaidi na wajinga. Sisi hatuwezi kuwahukumu hivyo. Walikuwa waaminifu kwa rafiki zao, na utaratibu uliowekwa ulikuwa umeufanya uaminifu huo upigane na afya ya watu. Gharama zilipoondolewa, na baadaye wagonjwa wasiozidiwa waliporuhusiwa kutunzwa nyumbani, kumtaja rafiki kulianza kuwa njia ya kumsaidia. Hapo midomo ikafunguka kidogo.

Maziko nayo yalikuwa hivyo hivyo. Waombolezaji walipunguzwa hadi 15, jambo gumu katika nchi ambayo mzee huzikwa na kijiji kizima. Na katika siku za kwanza palikuwa na maziko ya usiku, yaliyofanywa haraka na watu waliovaa nguo nyeupe za kinga, jamaa wakitazama kwa mbali. Habari za maziko ya namna hiyo zilienea nchi nzima, na wengi wakajifunza kutoka kwazo somo ambalo serikali haikukusudia: ya kwamba ukisema nyumbani kuna mgonjwa, utampoteza kabla hajafa.

Somo hilo lilikuwa limekwisha kufundishwa Afrika Magharibi kwa bei kubwa. Ebola iliyoanza Guinea mwishoni mwa mwaka 2013, ikaenea Liberia na Sierra Leone, iliua zaidi ya watu 11,300. Maiti ya Ebola ina hatari nyingi, na huko, kama kwetu, jamaa ndio huosha maiti. Mwezi Agosti 2014 serikali ya Liberia iliamuru waliokufa katika mji wa Monrovia wachomwe. Watu wakaficha wagonjwa, wakazika kwa siri. Mnamo Novemba mwaka uleule Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu mpya wa maziko, uliotayarishwa pamoja na Msalaba Mwekundu, Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Caritas, World Vision na Islamic Relief. Jamaa waulizwe desturi yao. Wapewe nafasi ya kuomba na kuchimba kaburi. Waislamu wawe na namna ya tayamamu badala ya kuosha. Wenye nguo za kinga ndio washike mwili. Hatari ya maiti ilikuwa ileile kama mwezi Agosti, lakini sasa jamaa walikuwa na mahali pa kusimama.

Ila mfano tunaoupenda zaidi ni wa majirani zetu wa Uganda, na ni wa ugonjwa mwingine ulioenea dunia nzima, yaani UKIMWI. Tutakaa hapa kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Kasensero, kijiji cha wavuvi katika wilaya ya Rakai kando ya Ziwa Viktoria, watu walianza kukonda na kufa. Wenyeji wakauita ugonjwa huo Slim, kwa jinsi ulivyomaliza mwili. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 1986 haikuficha. Redio ilipiga ngoma ya hatari. Watu waliambiwa kila mmoja akae na mwenziwe, kama ng'ombe anayelishwa zizini asitoke kwenda malisho ya wengine, nao walielewa mara moja, maana ni watu wenye ng'ombe. Mwaka 1987 Bi. Noerine Kaleeba alimzika mumewe Christopher, na mwaka huohuo yeye na wenzake wachache, wengi wao wakiwa na virusi au wakiwa na mgonjwa nyumbani, walianzisha chama cha TASO cha kuwahudumia wenye ugonjwa huo. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyependwa na vijana wote, alitangaza kwamba ana UKIMWI, akazunguka mashuleni na makanisani akisema nao, mpaka alipokufa mwezi Desemba. Na mwaka 1992 kasisi wa Kanisa letu la Anglikana huko Uganda, Gideon Byamugisha, alisema waziwazi kwamba ana virusi. Yeye ndiye kiongozi wa dini wa kwanza katika Afrika ajulikanaye kufanya hivyo, naye aliendelea na utumishi wake.

Angalieni yaliyotokea. Ugonjwa ulipata uso. Haukuwa tena tangazo; ulikuwa ni Fulani, mwana wa Fulani, tuliyesoma naye. Mwaka 2004 wachunguzi Rand Stoneburner na Daniel Low-Beer waliandika katika jarida la Science juu ya jambo hilo. Walilinganisha Uganda na nchi jirani, Kenya ikiwamo. Waganda, kuliko sisi, walikuwa wamepata habari za UKIMWI kwa rafiki na jamaa, mtu na mtu, wakisemezana juu ya mgonjwa wanayemjua. Kufikia mwaka 1995 zaidi ya Waganda wanane katika kila kumi walisema wamjua mtu mwenye UKIMWI au aliyekufa kwa huo. Katika nchi nyingine watu walikuwa wamesikia habari hizohizo kwa njia ya redio na matangazo, wakazijua vizuri hata kujibu mtihani, lakini hawakuzizungumza sana majumbani. Waandishi hao waliona kwamba mazungumzo haya ya mtu na mtu ndiyo yaliyobadilisha mienendo ya Waganda. Watu wazima wenye virusi walipungua kutoka karibu 15 kwa mia mapema miaka ya 1990 hadi karibu 5 kwa mia mwaka 2001. Wako wataalamu wengine wanaosema kwamba sehemu ya upungufu huo ni makaburi, maana waliokufa hawahesabiwi tena. Neno lao ni la kuzingatiwa, lakini halifuti tofauti iliyokuwapo kati ya Uganda na majirani wake, ambao pia walikuwa wakizika.

Ni neno gumu kidogo kusemwa redioni, sivyo? Lakini ni kweli. Redio ilipanda mbegu. Iliyoimwagilia ni ile sauti iliyosema kwenye mkeka, jioni, kwamba dada yetu hakurogwa.

Na sisi Kenya je? Ugonjwa ulijulikana hapa tangu mwaka 1984, lakini ilikuwa tarehe 25 Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la taifa. Miaka 15. Katikati hapo tulizika, na wasifu wa marehemu uliposomwa ulisema alifariki baada ya kuugua kwa muda. Kila aliyesimama kando ya kaburi alijua, na kila mmoja alirudi nyumbani na ujuzi wake peke yake. Ukimya huo nao ulikuwa tunda la kupendana. Watu walinyamaza ili wasimwaibishe mjane. Na yule kijana aliyekuwa akimtembelea mjane hakuambiwa na mtu.

Turudi kwenye Korona, maana kuna jambo la chanjo. Dozi za kwanza zilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021, zaidi ya milioni moja. Zilikuta uvumi umewasili kabla yao. Ilisemwa kwamba chanjo inaondoa uzazi, kwamba aliyechanjwa atakufa baada ya miaka miwili, na mengine tusiyopenda kuyarudia hewani. Na uvumi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2014 palikuwa na ubishi mkubwa nchini juu ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, na ubishi huo ulipita makanisani. Mama aliyekuwa na miaka 25 wakati ule aliyakumbuka yale aliyoambiwa na dada zake, na mwaka 2021 akamwambia binti yake.

Ninyi mlio katika vikundi vya simu vya kanisa mwajua jinsi habari hizo zilivyotembea. Ujumbe ule mrefu haukutumwa na mtu mbaya. Ulitumwa na mtu akupendaye, usiku, kwa haraka, ili usidhurike. Ndiyo maana uliaminiwa. Msomaji hakuuliza nani ameandika. Aliuliza nani amenitumia. Na watu walipofika kwa wachungaji wao, swali lao halikuwa, Je, ndani ya chanjo mna nini? Liliulizwa kwa maneno mengine: Wewe, pasta, umechomwa? Na mama watoto je?

Twaona, basi, kwamba kumkemea mtu kama huyo mbele ya kikundi kizima hakufai kitu. Ukimwita mjinga mbele ya rafiki zake, rafiki zake watasimama upande wake, kama ilivyo haki. Tuliona afadhali ya yule muuguzi kijana, binti wa mtaa uleule, ambaye hakujibu neno kikundini. Alikwenda nyumba kwa nyumba baada ya zamu yake, akaketi, akanywa chai, akaonyesha mkono wake mahali alipochomwa, akajibu maswali yote, hata ya kipuuzi. Alichukua muda mrefu, na wako waliomkatalia mpaka mwisho. Lakini shangazi yake mmoja alipokubali, akina mama watano wa Mothers' Union walikwenda zahanati pamoja naye, wakiwa wamevaa vitambaa vyao vya kichwa kana kwamba waenda ibadani. Ndivyo walivyofanya watumishi wa Naamani: walimkaribia kwanza.

Sasa yuko mtu mmoja ambaye habari hii yote yampita. Ni yule asiye na mtu. Mlinzi wa usiku anayelala mchana katika chumba cha kupanga, mbali na kwao. Msichana wa kazi za nyumbani ambaye hana siku ya mapumziko. Mzee aliyebaki peke yake shambani, watoto wote wako Nairobi. Hao hawakuambukizwa kwanza, kwa kuwa hawakualikwa harusini. Lakini walipoambukizwa hakuna aliyejua, na maonyo yalipobadilika hakuna aliyewaeleza. Tena tukumbuke kwamba makanisa yalipofunguliwa tarehe 14 Julai 2020, kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda wa saa moja, waliozidi umri wa miaka 58 walitakiwa wabaki nyumbani, pamoja na watoto walio chini ya miaka 13. Kwa upande wa dawa agizo hilo lilikuwa na sababu yake, maana Korona iliwaua wazee zaidi. Lakini katika mitaa mingi wazee hao ndio waliokuwa nguzo za ushirika, na kwa wengi wao Jumapili ilikuwa siku pekee ya juma ambayo mtu aliwaita kwa jina. Walikatwa kutoka kwenye hatari, na kutoka kwenye habari, na kutoka kwa yule ambaye angegundua kwamba wamekonda.

Magonjwa hayajaisha kuja. Mwishoni mwa Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya alipatikana mpakani, Taita Taveta, na kipindupindu chajulikana vizuri katika mitaa yetu kila mvua zinapochafua visima. Kwa hiyo twawaomba wazee wa kanisa na viongozi wa ushirika wa nyumba kwa nyumba wafanye kazi moja ndogo kabla ya Jumapili ijayo. Chukueni daftari. Andikeni kila nyumba ya mtaa wenu, walio washirika na wasio washirika. Mbele ya kila nyumba andikeni jina la mtu mmoja ambaye wenye nyumba hiyo humfungulia mlango bila kuuliza anataka nini. Msiandike jina la mchungaji kwa heshima tu. Kama hawamfungulii, acheni. Aweza kuwa muuza maziwa, au mama mkwe, au kijana wa bodaboda. Mtaona kwamba majina machache yanarudi mara nyingi, na hao ndio wa kuelezwa kwanza na muuguzi wa zahanati, taratibu, mpaka waelewe. Na mtaona nyumba nyingine ambazo mmeshindwa kuandika jina lolote. Daftari hilo lisifungiwe kabatini katika ofisi ya parokia. Likae kwa mama mmoja anayekaa karibu na barabara, naye azianze zile nyumba zisizo na jina, juma hili hili, wakati hakuna ugonjwa, kwa kupiga hodi na kuuliza habari za asubuhi.